Wanapura Mtama

Siku hiyo ilianza kwa michembe. Shija alikuwa ameiloweka tangu jana yake kwenye kopo la maziwa ya unga, na asubuhi akaichemsha nyuma ya lindo na kuichanganya na karanga za kusaga. Vilikuwa viazi vya Nkololo, kijijini kwao. Mama yake alivikata, akavianika juu ya jabali lililo nyuma ya nyumba yao, vikasafiri ndani ya begi la askari aliyetoka likizo mpaka milima ya mashariki mwa Kongo, tulikokuwa tumepelekwa kulinda amani. Katika kambi ile Wasukuma tulikuwa wawili tu, yeye mwenye bunduki na mimi mwenye sanduku la dawa, kwa hiyo michembe ilikuwa yetu peke yetu.

Koplo Athumani akapita na ndoo ya nguo chafu. Yeye alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, mtani wetu kwa mila, na utani aliuchukulia kama zamu ya kazi. Akachungulia sufuria.

“Leo tena mnakula magome ya miti?”

“Kaa ule, mtani,” Shija alimwambia.

“Nile nigeuke ng'ombe? Hizi nguo atanifulia nani?”

Hata hivyo alichota vipande vitatu, akashuka navyo kuelekea tangi la maji, anatafuna. Alikuwa na mwendo wa kutupa mguu wa kushoto nje kidogo.

Lindo huwa la watu wawili. Mwenzake Shija alikuwa ameteremka kunywa chai, nami nikakaa mahali pake, kwa urafiki tu, mgongo kwenye magunia ya mchanga. Chini yetu kulikuwa na bonde, na ng'ambo ya bonde, nyuma ya ukungu, kulikuwa na kambi ndogo ya wenzetu. Yapata saa tatu ya asubuhi, ukungu ukaanza kupanda. Shija alikuwa ananieleza kuhusu binti yake, Minza, ambaye alikuwa hajamwona tangu aanze kutembea.

Ndipo tukasikia. Ilikuwa mbali sana. Tu, tu-tu. Kimya. Tu-tu, tu.

Shija akaacha kutafuna. Mkono wake ukaenda kwenye redio ya kutolea taarifa.

“Unasikia?”

Nilisikia. Na nilijua ni nini, au nilidhani najua. Ni sauti niliyoisikia kila Juni na Julai tangu utotoni: wanawake wamezunguka masuke yaliyomwagwa uani, kila mmoja na fimbo yake, wanapiga kwa zamu. Ukiwa mbali husikii nyimbo. Unasikia fimbo tu.

“Wanapura mtama, hao,” nilisema.

Shija akacheka. Alicheka kwa raha, kama mtu aliyepewa salamu za nyumbani, akatoa mkono wake kwenye redio na kuurudisha kwenye sufuria.

Kule hakuna mtama. Kule ni migomba na mihogo, na tulikuwa tumekaa miezi mitano, tulijua kabisa. Lakini mdomo ulikuwa na ladha ya Nkololo, na sikio likafuata.

Kambi ya ng'ambo ilikuwa inashambuliwa. Zile zilikuwa bunduki.

Sijui zilipita dakika ngapi. Nimezihesabu mara nyingi na kila mara napata jibu tofauti. Labda tatu, labda tano.

Kombora la kwanza liliangukia nje ya uzio.

La pili liliangukia tangi la maji.

Nikakimbia kushuka. Sanduku lilinigonga paja kila hatua. Udongo ulikuwa hewani na maji yalikuwa yanatiririka kwenye njia kama mvua imenyesha mahali pamoja tu.

Athumani alikuwa amelala ubavu. Kulikuwa na shati lililofuliwa mkononi mwake, limekamuliwa nusu.

Nilifunga bandeji. Nilifunga nyingine juu yake. Akanitazama, akataka kusema kitu, na mimi nikamwambia, “Nyamaza, mtani, usichoke.” Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoambiwa duniani: anyamaze.

Mapigano yalikwisha kabla ya adhuhuri. Juu ya kilima Shija alikuwa bado lindoni, amepiga risasi zote alizokuwa nazo, na sufuria ilikuwa miguuni pake haijamwagika hata tone.

Nimeinuka mara tatu tangu nianze kuandika ukurasa huu. Mke wangu ananiuliza kama nimepoteza kitu. Ninazunguka nyumba, naangalia mlango wa kuku, narudi. Nimekuwa hivi kwa miaka, na nikiulizwa husema ni mazoea ya jeshi.

Wiki moja baada ya shambulio tuliletewa fomu. Mimi, tabibu wa kikosi, nilitakiwa kumwona kila askari na kumuuliza: analala, anakula, anajisikiaje, ana mawazo gani. Siku ya Shija nilikwenda na fomu yangu nikamkuta amesimama nyuma ya hema. Badala ya kumuuliza maswali ya kwenye karatasi, nikamsalimia kwa Kisukuma.

“Mwangaluka.”

“Mwangaluka.”

“Mhola?”

“Mhola duhu.”

Maana yake, amani? Amani tupu. Nikaandika: Mzima.

Yeyote aliyelelewa Bariadi anajua nilichofanya. Kwetu salamu hujibiwa mhola hata kama kuna maiti ndani ya nyumba. Mgeni anaulizwa amani, anajibu amani, anaketi, anapewa maji ya kunywa, na baada ya hapo ndipo mtu huanza kusema, “Isipokuwa tu, mzee wetu ametutoka.” Mhola ni mlango wa mazungumzo, na mimi niliugusa mlango nikaondoka. Sikuketi, kwa sababu nilijua nini kingefuata baada ya maji. Niliogopa. Mganga mzima, nilimwogopa mgonjwa wangu.

Tulirudi nyumbani. Mkataba wangu ulikwisha, nikapata kazi katika zahanati upande wa Ngulyati. Shija naye aliacha jeshi, akarudi Nkololo kwa mama yake, mke wake Holo, na watoto wawili. Mwaka wa kwanza alilima pamba vizuri. Mwaka wa pili Holo alinipigia simu kuwa mwenzake halali, anazunguka zizi mpaka kunakucha, na akiitwa ghafla anaanguka chini.

Tukaanza kutafuta chanzo. Nasema tukaanza, kwa sababu nami nilitafuta, kwa bidii ya mtu anayetafuta kisu alichokikalia.

Kwanza nilimpima mwenyewe. Malaria ilikuwepo kidogo, nikafurahi, nikampa dawa. Hakupona. Tukampeleka kwingine, wakasema taifodi, kisha vidonda vya tumbo. Alimeza vidonge vyote bila kulalamika. Mchungaji wa kanisa la Holo alikuja na waumini, wakafunga siku tatu na kuomba, na kwa siku hizo tatu alilala. Ya nne akaamka ameshika jembe kama bunduki.

Alikuwa na sentensi moja. Aliisema akila, aliisema akichunga, aliisema katikati ya maongezi ya mambo mengine kabisa.

“Kule hakuna mtama.”

Majirani walielewa kwamba aliona njaa kubwa vitani. Mchungaji alisema ni roho ya umaskini. Holo aliniuliza, “Shemeji, wewe ulikuwa naye. Ni mtama gani huo?” Nikamjibu kwamba mgonjwa husema mengi.

Mwisho mama yake akaamua kwenda kwa mfumu, mtu wa kupiga ramli kwa kuku. Mama Shija ni mwembamba, mwenye sauti ndogo, aliyezaa pacha kabla ya Shija na kuwazika wote wawili, na hakuwa tayari kumzika wa tatu akiwa anatembea. Nilikwenda nao. Mfumu alikuwa mzee mtaratibu, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alimpa Shija kifaranga akitemee mate mdomoni, akakichinja, akakipasua, akakaa muda mrefu anatazama mabawa na utumbo.

“Kuna mtu amekufa hajaagwa,” alisema. Akakigeuza kile kifaranga. “Na hapa mko wawili. Nani alikuwa naye?”

Wote wakanitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa jeshini pamoja naye.

“Tulikuwa wengi,” nilisema. “Ilikuwa kambi.”

Mzee akanitazama juu ya miwani, akasubiri. Nilitazama mlango. Akamgeukia mgonjwa na kumuuliza anasema nini zaidi, na mama akajibu kwa niaba yake: anasema kule hakuna mtama. Basi mzee akaunganisha na alichoweza kukiunganisha. Ni masamva, mizimu ya ukoo. Babu yake Shija anaona njaa, kijana alikwenda nchi isiyo na mtama na hakuaga. Apikiwe pombe ya mtama mpya, amwagiwe, atulie.

Simcheki mzee yule. Aliuliza swali sahihi, na mtu mwenye jibu alikuwa amekaa mbele yake, amevaa shati la kazi lenye kalamu mfukoni.

Mtama mpya maana yake lazima upurwe. Hapo ndipo ningeweza kusema. Nilikuwa na siku nne. Nilijiambia kwamba labda haitakuwa kitu, kwamba labda ni vizuri aizoee ile sauti, maneno ya kitaalamu kabisa niliyoyatunga nikiwa juu ya pikipiki.

Ilikuwa Jumamosi, jua limepanda. Nilikuwa Nkololo. Shija alikuwa amekaa kivulini mwa ghala na watoto wake, Minza na mdogo wake, anawafinyangia ng'ombe wa udongo. Wanawake watano wa jirani walikuja na fimbo zao, wakamwaga masuke uani, wakaanza.

Tu, tu-tu.

Shija akainua kichwa.

Tu-tu, tu.

Hakupiga kelele. Alinitazama mimi, moja kwa moja, uso wake ukiwa mtulivu kuliko nilivyouona kwa miaka miwili.

Kisha akawanyakua watoto, mmoja kila mkono, akakimbia.

Kulikuwa na shimo nyuma ya nyumba walikochimba udongo wa matofali. Aliruka nao ndani. Akawalalia.

Tulipofika Minza alikuwa analia chini yake na yule mdogo halii. Ilitubidi tuwe wanaume wanne kumwinua. Mdogo alikuwa amekosa pumzi tu. Nilimgeuza, nikampiga mgongoni, akakohoa udongo. Minza alikuwa amevunjika mkono.

Nilimfunga gango kwa vipande viwili vya fimbo za kupuria. Ndizo zilizokuwa karibu.

Jioni hiyo Holo alifunga nguo kwenye kanga mbili. Hakuwa na hasira, na hilo liliniumiza zaidi. Aliniambia, “Shemeji, kama mngeniambia ni kitu gani, ningekaa nacho. Mwanamke anakaa hata na ukoma ukiwa na jina. Hiki hakina jina, nitawaambia nini wanangu?” Asubuhi akapanda gari kwenda Sola, kwa wazazi wake, na watoto wote.

Baada ya hapo ndipo nilipompeleka Shija mjini Bariadi, kliniki ya afya ya akili, mahali nilipopaswa kuanzia. Muuguzi wa pale anaitwa Kabula. Ni mwanamke mnene, mpole, anayependa kunywa soda katikati ya kazi. Alimsalimia mgonjwa, mwangaluka, mhola, mhola duhu. Halafu akafanya kitu ambacho kilinitoa jasho. Akavuta kiti, akamimina maji kwenye kikombe, akampa, akaketi. Akamngoja amalize maji.

“Isipokuwa?” akamuuliza.

Na Shija akaanza kusema.

Alikwenda pale kila wiki mbili. Alipewa vidonge vya kumtuliza, akaanza kulala. Mwezi wa tatu wa matibabu Kabula aliniita mimi peke yangu. Alinieleza kwa lugha rahisi, kama anayeeleza mtu wa kawaida na si mwenzake wa kazi, na nilishukuru. Alisema mwili wa Shija bado uko lindoni. Haujawahi kuambiwa ushuke. Kwa hiyo kila sauti ni ile sauti, na kila mara ana nafasi ya kuifanyia haki safari hii, awaokoe watu aliokosa kuwaokoa.

“Si mizimu, na si wendawazimu,” alisema. “Ni kosa analojihukumu nalo. Anasema alisikia bunduki akadhani wanapura mtama, hakupiga redio, na mtani wake akafa.”

“Ndiyo,” nilisema.

“Kila akisimulia yuko peke yake.” Akanywa soda yake. “Lindo huwa la mtu mmoja?”

“La wawili.”

“Wa pili alikuwa nani?”

Lilikuwa swali la mfumu, neno kwa neno karibu. Safari hii hakukuwa na kuku wa kutazama. Nikamwambia. Nilimwambia michembe, karanga, na maneno matatu niliyosema. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na nane na nililia kwa kelele, mpaka mtu akachungulia mlangoni na kuondoka.

Kabula hakunipa pole ya haraka. Alisema, “Hayo usinipe mimi. Mpelekee.”

Ilinichukua wiki sita. Nilikuwa na sababu kila siku: chanjo za watoto, mvua, pancha. Siku niliyokwenda nilimkuta Shija ameketi nje, anachonga mpini wa jembe. Alikuwa ameongezeka mwili. Nikasalimia, nikaketi, nikaomba maji mwenyewe, nikanywa.

“Isipokuwa,” nilisema, “kuna kitu sijakuambia. Siku ile mimi ndiye niliyesema wanapura. Wewe ulishashika redio. Mimi ndiye niliyekutoa mkono kwenye redio.”

Aliendelea kuchonga kidogo. Kisha akaniangalia kwa huruma, huruma ya kweli, ya mtu mzima kwa mgonjwa.

“Bebe Mabula,” alisema, akiniita kwa Kisukuma, wewe Mabula. “Hukuwepo.”

“Nilikuwepo. Nilikaa kwenye magunia. Ulikuwa unanieleza habari za Minza.”

“Ulikuwa hemani kwako, na sanduku lako. Nilikuona ukikimbia kutoka kule.” Akapuliza vumbi la mti kwenye mpini. “Mimi nilikuwa peke yangu, nakula. Kabula amekutuma unipunguzie mzigo. Wabeja, asante. Lakini usijisingizie, ndugu yangu, utaugua.”

Nilisema tena. Nilimtajia sufuria, ukungu, hata ule mguu wa kushoto ambao Athumani aliutupa nje. Alitikisa kichwa taratibu kwa kila kitu. Miaka yote ile alikuwa akirudi pale juu mara mia kwa siku, na katika kurudi kwake alikuwa ameniondoa. Sijui aliniondoa lini. Sijui kama aliniondoa ili kunilinda, au ni kwa sababu kila aliponitazama nilikuwa nimenyamaza, mpaka akaamini ile sehemu haina mtu. Kabula anasema yote mawili yanawezekana. Anasema pia kwamba ningesema mapema, wiki ile ya fomu, labda tungekuwa tumesimama lindoni wawili.

Kwa hiyo hesabu yangu ni hii, na naiandika nikiwa nimesimama. Athumani amekufa, na hakuna anayejua kama dakika tatu zingemwokoa. Hilo nimejifunza kuliacha. Holo hajarudi kutoka Sola. Minza ana mkono uliopona ukiwa umepinda kidogo pale nilipoufunga vibaya. Shija analala, analima, anatabasamu, na anabeba peke yake kitu kilichokuwa cha watu wawili, na hataki kunigawia.

Juni iliyopita nilipita tena Nkololo. Shija alikuwa machungani. Mama yake alikuwa amekaa uani juu ya ngozi ya ng'ombe, na lundo la masuke ya mtama mbele yake. Hakuwa na fimbo. Alikuwa anachukua suke moja moja na kulifikicha kwa viganja, punje zinaanguka kwenye ungo bila sauti. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka. Shamba zima, suke moja moja, na nilikuja kujua kwamba huo ulikuwa msimu wa tatu anafanya hivyo.

“Mwangaluka, mayu,” nilimwamkia mama.

“Mwangaluka, ng'wanone, mwanangu. Mhola?”

Jibu linajulikana. Lilikuwa tayari kwenye ulimi.

“Yaya, mayu,” nilisema. Hapana. “Si mhola.”

Mikono yake ikasimama. Katika umri wake wote nadhani hakuwahi kujibiwa hivyo na mtu aliye bado kwenye miguu yake. Kisha akasogea upande mmoja wa ngozi na kuusukuma ungo katikati yetu.

“Kaa basi,” alisema. “Fikicha huku unasema.”